Mama Vioo na Jumamosi ya Mawe

Mtu yule alibisha hodi ingawa mlango wa karakana ulikuwa wazi. Alifuta viatu kwenye gunia, akamwamkia Mama Vioo kwa heshima zote, akauliza hali ya watoto. Mkononi alikuwa na mkoba wa ngozi, ule wa watu wa maofisini. Mama Vioo alikuwa ameinama juu ya meza, anavuta mstari kwa kalamu yake ya almasi, na hakuinua kichwa mpaka kioo kilipolia kile kilio chake kidogo na kukatika sawasawa.

"Karibu, baba. Dirisha au kabati?"

"Sina dirisha mimi, mama. Nimepita tu kukushauri." Mgeni alitazama vioo vilivyoegemezwa ukutani, akatikisa kichwa kama daktari anayemtazama mgonjwa. "Akiba yako ndogo. Agiza vingine."

"Kwani kuna nini?"

"Agiza vingi tu. Mtaa huu utavihitaji."

Akatabasamu, akashukuru kwa muda aliopewa, akatoka. Mama Vioo alicheka peke yake, kicheko cha kujipa moyo. Lakini aliposhika tena kalamu, mstari alioupiga ulikwenda upande. Akaiweka chini, akatoka uani kumwita mdogo wake.

Mdogo wake huyo watu walimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma na pia kwa sababu hakukawia kuwaka. Mama yao alifariki Cheche akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamwoza. Mumewe Mama Vioo alipokufa na kuacha karakana, majirani walidhani mjane atauza kila kitu. Hakuuza. Alijikaza, akajikatakata vidole mpaka vikajaa makovu, akawa fundi kuliko marehemu. Cheche akaweka mashine yake uani. Yeye akawa anatengeneza fremu, dada anatia vioo, na mitaa yote mitatu ikawa inawategemea wao.

"Umemwona mtu aliyetoka sasa hivi?" dada aliuliza.

Cheche aliinua kinyago cha kuchomelea. "Mwenye mkoba? Namjua. Ni mtu mzuri."

"Unamjulia wapi?"

"Huja maskani jioni. Anaongea na sisi. Ana elimu yule, dada." Akashusha kinyago, mashine ikaanza kunguruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hilo ndilo lililomkaa Mama Vioo rohoni, kwamba mdogo wake alikuwa na marafiki asiowajua. Kuhusu vioo hakumwambia.

Sasa, karakana ile ilikuwa na jambo jingine. Kila Alhamisi alasiri ilikutanisha watu ambao kwa kawaida hawakai pamoja. Shehe wa msikiti wa mwisho wa barabara, padri wa kanisa lililotazamana na soko, na rabi wa sinagogi la mtaa wa juu, nyumba ndogo ya matofali ambayo ungeipita bila kuiona kama si ile nyota juu ya mlango. Walikuwa wameamua kuzungumza baada ya mji mmoja usio mbali kuungua kwa magomvi ya dini. Tatizo likawa mahali. Shehe akiingia kanisani, waumini wake watapiga kelele. Padri akiingia msikitini, wa kwake watamwandikia askofu. Sinagogi ndilo usiseme. Ndipo rabi akasema, "Kwani aliyetutilia madirisha sisi sote si mtu mmoja?" Wakamwendea Mama Vioo.

Mwanzoni alikuwa anawapikia chai na kurudi kwenye meza yake. Yeye ni Mwislamu wa kawaida, anaswali, anafunga, hakujiona mtu wa kubishana na wasomi. Lakini walikalia masanduku ya vioo, na kila mmoja alipokuwa akijinyoosha kwa hasira Mama Vioo alikuwa anaruka: "Taratibu, Padri, hapo umekalia dirisha la watu!" Mwisho wakamwambia akae nao, maana sauti yake ilikuwa imeshazoeleka kwenye mazungumzo.

Aliyewachekesha kuliko wote alikuwa Bibi Sindano. Huyo alikuwa Myahudi aliyekuja na rabi, nesi mstaafu, mama wa makamo aliyekwisha kuvuka makamo. Kwa miaka mingi alikuwa akizunguka shuleni na kuchanja watoto, na hata sasa watu wazima wenye ndevu walikuwa wakimwona barabarani wanajishika mkono wa kushoto bila kujua. Siku moja padri alikuwa akisema kwa hisia kwamba wote ni wana wa Ibrahimu, baba mmoja, kwa hiyo ugomvi unatoka wapi? Bibi Sindano akaweka kikombe chini.

"Padri, wewe hujafiwa na baba nini? Watoto wa baba mmoja ndio wanaotiana vidole vya macho. Subiri mirathi."

Shehe alicheka mpaka akakohoa.

Lakini hawakuwa wakicheka tu. Alhamisi ileile aliyokuja mtu wa mkoba, walikuwa wamekubaliana kila mtu aseme kinachomtisha kwa wenzake, bila kupamba. Shehe alisema kwamba bomu likilipuka popote duniani, kesho yake watu humtazama mjukuu wake akiwa na begi la shule, na kijana ameanza kulibeba kifuani ili wote waone kwamba limefunguka. Padri alisema anaogopa watu wa dini yake mwenyewe, kwa sababu amesoma jinsi zamani watu walivyotoka ibadani Ijumaa Kuu wakaenda moja kwa moja kuwapiga Wayahudi, wakiwa bado na nyimbo midomoni. Rabi alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Sisi hapa ni familia chache. Mimi vitabu vyenu havinitishi. Naogopa mlango unapofunguka na watu wanatoka pamoja, na sijui wameambiwa nini."

Ndipo Mama Vioo akawaeleza habari ya mgeni wake wa asubuhi.

Hakuna aliyetania. Padri alisema waende polisi, na kweli kesho yake walikwenda, viongozi wale watatu na Mama Vioo. Ofisa aliwasikiliza huku anachonga penseli, akauliza, "Kushauriwa kununua vioo ni kosa gani?" Akawaambia ataangalia.

Dirisha la kwanza lilivunjwa wiki ileile, la sinagogi, upande wa nyuma. Mama Vioo alipanda na ngazi akalitia kioo kipya, huku rabi akiokota vipande kwa mikono mitupu ingawa alimkataza. Halafu likavunjwa la kanisa. Baadaye la msikiti. Kila jengo likawa linamnyooshea mwenzake kidole. Wale watatu walisimama kila mmoja mbele ya watu wake kusema jambo moja, kwamba hawajui nani kavunja na hakuna anayejua, kwa hiyo mtu asitaje jina. Hilo walikubaliana karakanani. Likasaidia kidogo. Watu waliguna, wakanyamaza, lakini walinyamaza vibaya. Sokoni Mama Vioo akawa anaona wanawake wanaacha kuzungumza anapokaribia. Mteja wake wa siku nyingi, muuza vyombo, alichukua fremu zake nusu hazijakwisha akasema atamaliza kwingine. Asubuhi moja alikuta mlango wa karakana umechorwa kwa chaki jicho kubwa, halina kope. Alilifuta kwa kitambaa cha kusafishia vioo, na siku nzima alikuwa akitazama mahali lilipokuwa.

Kisha maneno mapya yakaingia mtaani. Hayakuwa ya madirisha. Yalikuwa ya sindano.

Aliyemletea ni wifi yake, mke wa Cheche, mwanamke mpole, mshonaji wa sare za shule. Alikuja mchana, akafunga mlango nyuma yake, akakaa bila kukaribishwa.

"Wifi, nataka uniambie kweli. Zile sindano tulizochomwa shuleni zilikuwa za nini?"

"Za kifua kikuu. Kwa nini?"

"Wanasema zilikuwa za kutufunga vizazi. Wanasema ilikuwa kazi maalumu, kwamba yule bibi alitumwa na watu wake." Alikuwa anajisokota pete. "Mimi siamini. Lakini mume wangu anaamini. Jana amenivua mkono wa gauni akatafuta kovu. Alipoliona, wifi, alilia. Mwanamume mzima alilia kama mtoto."

Mama Vioo aliweka kando kioo alichokuwa anafuta. Cheche na mkewe walikuwa wameoana siku nyingi na hawakujaliwa. Alijua walivyohangaika, alijua jinsi mdogo wake alivyokuwa anatoka nje watu wakianza kuzungumzia watoto. Na sasa kuna mtu aliyeketi naye maskani jioni baada ya jioni, kwa adabu, mkoba magotini, akampa jibu.

"Mimi nimechomwa sindano ileile, kwa mkono uleule," alisema. "Na nimezaa watatu."

"Nilimwambia. Akasema kwako wewe hawakuhitaji, kwa sababu ulikuwa tayari mtu wao."

Jioni ile alimfuata mdogo wake uani kabla hajafunga kazi. Alimbembeleza, akamkaripia, akamkumbusha nani alikesha naye alipougua. Cheche alimsikiliza ameinamisha kichwa, akifunga nyaya za mashine kwa uangalifu wa ajabu.

"Dada, unafikiri wanakuja kwako kunywa chai kwa sababu wanakupenda?"

"Sijui kama wananipenda. Wananiambia wanachoogopa. Wewe lini umeniambia?"

Cheche akakaza fundo la waya. Kisha akasema polepole, bila kumtazama, "Jumamosi asubuhi usiende mtaa wa juu. Hilo tu. Kaa nyumbani."

Jumamosi asubuhi ndipo Wayahudi wanaposali.

Hapo ndipo Mama Vioo alipojua uzito wa ndugu. Akisema, amemsaliti mdogo wake mwenyewe. Asiposema, atakuwa ameketi nyumbani akisikiliza vioo alivyotia kwa mkono wake vikivunjika, na ndani yake wako watu. Alitembea karakanani huku na huku mpaka giza lilipoanza kuingia. Mwisho akajitanda mtandio, akaenda kwa padri, kisha kwa rabi, kisha kwa shehe. Hakutaja jina la Cheche. Hakuna aliyemuuliza amejuaje, na kwa jinsi walivyoacha kumuuliza alielewa kwamba wamejua.

Padri alisema atakuja na watu wake kadhaa wakae mlangoni. Rabi alisema watu wake hawataacha kusali, kwa sababu wakiacha mara moja hawatarudi tena. Shehe alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini. Ndani kulikuwa na wanaume wa kamati ya msikiti, sauti zao zilikuwa juu.

"Wanataka niache Alhamisi zetu," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema niache hizo au niache msikiti."

"Jumamosi utakuja, Shehe?"

Yule mzee aligeuka kutazama ndani. "Nenda nyumbani, mwanangu," akasema, akafunga mlango.

Jumamosi ilikuwa na jua kali tangu mapema, bila upepo. Mama Vioo alipanda mtaa wa juu akiona madirisha yanavutwa mapazia moja baada ya jingine. Muuza magazeti hakuwepo. Hata mbwa wa kinyozi, aliyezoea kulala katikati ya njia, alikuwa ameingizwa ndani. Mbele ya sinagogi alimkuta padri ameketi ngazini, pamoja na wanawake wa kwaya na mzee mmoja mpiga kengele. Hawakufika kumi. Padri alijaribu kutabasamu, na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Shehe?"

"Sijui," Mama Vioo alisema, akakaa.

Ndani walikuwa wanasali. Sauti zilikuwa zikija kwenye kioo, zinapanda na kushuka, na katikati yake alitambua ya Bibi Sindano, nene na isiyojali muziki hata kidogo.

Kwanza walisikia miguu, miguu mingi isiyo na haraka, mahali fulani chini ya kona. Hapakuwa na makelele, na hilo ndilo lililomtia baridi. Alijiandaa kwa makelele. Mmoja wa wanawake wa kwaya alianza kuomba kwa kunong'ona. Halafu umati ukajitokeza kwenye kona, umejaza barabara kutoka ukuta hadi ukuta, na mikononi mwao kulikuwa na mawe, vyuma, na chupa zilizotiwa vitambaa midomoni. Mbele yao wote, peke yake, akiwa na kanzu nyeupe na fimbo, alikuwa anakuja Shehe.

Mama Vioo alidhani Shehe amewasaliti. Si yeye tu. Padri alisema, "Ee Mungu," akafunika uso.

Lakini kadiri walivyokaribia, kuna kitu hakikukaa sawa. Walikuwa wanakuja polepole mno. Shehe alikuwa anaweka fimbo, anavuta mguu mmoja, anapumzika, anavuta wa pili. Alikuwa mzee, ndiyo, lakini Mama Vioo amemwona akipanda kilima hicho kwa kasi kuliko hivyo. Nyuma yake vijana walikuwa wanasukumana na kukanyagana visigino, jasho linawatoka, na hakuna aliyethubutu kumpita. Wamelelewa tangu utotoni kutompita. Mmoja akajaribu pembeni. Shehe akasogea upande huo kana kwamba njia imempeleka huko, akakohoa, akasimama kabisa ili avute pumzi. Umati wote ukasimama. Barabara ile fupi walikuwa wameitembea asubuhi nzima.

Alipofika ngazini alimtazama padri, akamtazama Mama Vioo. "Nisogeeni," alisema. "Magoti yanauma." Kisha akageuka, akakaa katikati yao, akaweka fimbo mapajani, akawatazama watu wake.

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Walimwita msaliti, walimwita mzee aliyekula chai ya Wayahudi. Mtu wa nyuma alipiga kelele wamtoe nje mwenye sindano. Na kwenye mstari wa kwanza, jiwe mkononi, macho mekundu kama mtu aliyetoka kuchomelea bila kinyago, alikuwa amesimama Cheche.

Mama Vioo aliinuka.

"Nilikwambia usije!" Cheche alisema, na sauti ikamvunjika. "Dada, toka hapo!"

"Sitoki."

"Wameniua mimi! Hunioni? Wameniua nikiwa hai, mimi na mke wangu!"

"Nakuona." Alisogea hatua, mikono wazi. "Nakuona, mdogo wangu. Nimekuona tangu huna meno. Kama unalo la kurusha, mimi niko karibu."

Cheche hakurusha. Mkono ulikuwa umeinuka, umebaki juu, kama amesahau namna ya kuushusha. Na ng'ambo ya barabara, chini ya kivuli cha duka lililofungwa, Mama Vioo alimwona mtu wa mkoba. Alikuwa amesimama vizuri, amekunja mikono, anatazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Macho yao yakakutana. Yule mtu akamwinamishia kichwa kwa adabu.

Jiwe lilitoka nyuma, mbali. Hakuna aliyeona nani karusha. Lilimpita Mama Vioo sikioni, akasikia kishindo kidogo, kizito, kisicho cha kioo. Alipogeuka, Shehe alikuwa amejishika paji la uso na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole, inateremka kwenye kanzu.

Umati ulitoa sauti moja, kama mtu aliyepigwa tumboni.

Mlango nyuma yao ukafunguliwa. Rabi alikuwa anajaribu kumzuia mtu, na mtu huyo hakuzuilika. Bibi Sindano alitoka akiwa na kisanduku cha huduma ya kwanza walichokuwa wakikiweka kabatini kwa ajili ya wazee wanaozimia, ambacho yeye ndiye aliyekijaza vifaa vyake vya unesi. Alipiga magoti ngazini, akaondoa mkono wa Shehe, akatazama.

"Hili linataka kushonwa," alisema. Akageuka kidogo. "Rabi, leo Sabato."

"Shona," alisema rabi.

Alifungua kisanduku. Alivunja shingo ya kichupa kidogo, akavuta dawa ya ganzi, akainua bomba la sindano kutoa hewa, na tone likang'aa juani mbele ya macho ya watu wote wale. Mkono wake ukasita. Aliwatazama. Huenda kati ya wale vijana hakukuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kushikwa mkono na mama huyo, na sasa alikuwa anawaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Vioo kumwona anaogopa.

"Unangoja nini, dada?" Shehe aliuliza. Alikuwa amefumba jicho moja kwa ajili ya damu. Akapaza sauti, ile ya mimbarini. "Choma. Choma waone. Nikifa, watajua. Nikipona, nao watajua."

Akachoma. Kisha akashona, mshono baada ya mshono, ulimi umetoka nje kidogo kama msichana anayetia uzi kwenye tundu, padri ameshika kichwa cha Shehe, rabi amemwinamia kumkinga jua. Watu walikuwa wanatazama. Huwezi kurusha jiwe hapo bila kumpiga wako. Wa pembeni walianza kuondoka, si kwa toba, wengine walikuwa wanatukana huku wanaondoka. Chupa moja ilirushwa ukutani lakini kitambaa kilikuwa kimezimika. Mama Vioo alipotazama tena chini ya kile kivuli, mtu wa mkoba hakuwepo, wala mtaani kwao hakuonekana tena.

Cheche alikuwa mmoja wa watu wa mwisho kuondoka. Aliweka jiwe lake chini taratibu, pembeni ya njia, kama chombo cha mtu alichoazima.

Ingekuwa vizuri kusema yaliishia hapo. Mchana uleule, wakati Bibi Sindano yuko kwa rabi akinywa maji, nyumba yake ilichomwa moto upande wa pili wa mji. Moto ulikula paa, vitanda, picha za marehemu mumewe. Majirani walisema hawakuona mtu. Ofisa wa polisi alikuja na penseli yake. Msikitini, kamati ilimwambia Shehe apumzike, ikamweka mwingine. Akawa anaswali safu ya nyuma, na kovu lake. Askofu alimhamisha padri kwa sababu za kiafya, ingawa afya yake ilikuwa ya ng'ombe. Familia mbili za mtaa wa juu zilifungasha vitu zikaondoka bila kuaga.

Alhamisi iliyofuata Mama Vioo alipika chai bila kujua kama kuna wa kuinywa. Rabi alikuja. Shehe alikuja, na fimbo yake, safari hii akitembea upesi. Wanawake watatu wa kwaya walikuja bila padri, wakaulizana nani aseme la dini yao, wakagundua kwamba walikuwa nalo la kusema siku zote. Bibi Sindano alikuja wa mwisho, amevaa gauni la kuazima. Hakuna aliyetaja amani. Walizungumza habari ya wapi atalala.

Alilala kwa Mama Vioo, chumba cha nyuma, kwa miezi kadhaa. Wifi yake alianza kuja huko, mwanzoni akisingizia uzi, kisha bila kusingizia, na wanawake wale walikuwa wakizungumza mlango umefungwa. Siku moja wifi alimwambia Cheche waende hospitali wapimwe wote wawili. Alikataa. Akakataa tena. Siku nyingine alionekana anavaa shati safi, hasemi kitu, wakaenda. Walichoambiwa huko hawakumwambia mtu, na Mama Vioo hakuuliza. Aliona tu kwamba mdogo wake aliacha kwenda maskani, na kwamba alikuwa anakaa uani mashine imezimwa, mikono magotini, anatazama chini.

Ilipoanza kujengwa upya ile nyumba iliyoungua, mafundi wengi hawakutaka kazi hiyo. Mama Vioo alikwenda kupima madirisha. Asubuhi hiyo, bila kuitwa, Cheche alifika na mashine yake kwenye mkokoteni. Alichomelea fremu za madirisha yote na mlango wa chuma, mzito, wenye komeo tatu. Hakumtazama Bibi Sindano, wala hakusema lolote zaidi ya vipimo. Bibi Sindano naye alikaa kwenye tofali akamtazama akifanya kazi mpaka jua lilipokuwa utosini.

Kisha akainuka, akachota maji ya kunywa kwenye ndoo, akampelekea kikombe.

"Kunywa. Utaanguka."

Cheche alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama kikombe. Alikitazama muda mrefu, mpaka Mama Vioo, aliyekuwa ameshikilia rula dirishani, akajikuta amezuia pumzi. Bibi Sindano hakuondoa macho. Alikuwa anajua anachotazama.

Cheche akanywa. Alikunywa mpaka nusu, akaweka kikombe juu ya ukuta, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Asante, bibi," alisema, akashusha kinyago, akarudi kwenye mlango.